NASABA YA FARASI NA NASABA YA BINADAMU: DAMU INABEBA NINI, NA MALEZI YANABEBA NINI?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ndugu zangu katika imani, kuna hoja inayosikika sana kwenye vikao vya posa hapa Ifakara na vijiji vya bonde letu, kuanzia Kidatu hadi Mlimba. Kijana analeta posa. Anaswali, halewi, ana ekari zake za mpunga. Wazee wa binti wanauliza ukoo. Wanaambiwa baba yake alikuwa mlevi, au babu yake alikuja hapa akiwa hana kwao kunakojulikana. Posa inarudishwa. Na katika kuitia nguvu kauli yake, mzee mmoja husema: "Hata Waarabu hawampandishi farasi ila kwa nasaba. Farasi mwenye mama mkorofi huzaa mkorofi. Ikiwa mnyama anaangaliwa damu, seuze binti yangu?"

Hoja hii nataka tuitendee haki. Tusiipuuze kwa sababu haitupendezi, wala tusiipokee kwa sababu ina jina la Waarabu ndani yake. Tuifuate hatua kwa hatua: farasi ana nini katika damu yake, historia inasema nini, Sunna inasema nini. Kisha tutajua kama mzee wetu amesema kweli, au amesema nusu ya kweli. Na nusu ya kweli ndiyo huvunja nyumba za watu.

Post ni ndefu. Jipe nafasi, soma mpaka mwisho.

1. FARASI KATIKA KITABU NA SUNNA

Farasi ana heshima ya pekee katika dini yetu. Katika Suratul-Aadiyaat Allah Subhaanahu wa Taala anaapa kwa farasi wa vitani: wanavyohema, kwato zao zinavyotoa cheche, wanavyovamia alfajiri na kutimua vumbi. Baada ya kiapo hicho, maneno yanageuka kwa mwanadamu na kumwelezea kuwa hana shukrani kwa Mola wake. Wanazuoni wameizingatia sana nafasi hiyo. Farasi hupewa majani na maji tu, na kwa hayo humtii bwana wake mpaka mbele ya mikuki. Mwanadamu amepewa kila kitu, akiitwa anageuza shingo.

Katika Surat Saad tunasoma jinsi Nabii Sulaiman (a.s.) alivyoletewa jioni farasi wazuri wa mbio. Na Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim, ametufundisha kwamba kheri imefungamanishwa na nywele za paji la farasi mpaka Siku ya Kiyama.

Iko hadithi nyingine ya Abu Huraira (r.a.), na hii nakuomba uishike. Mtume (s.a.w.) aligawa farasi katika mafungu matatu: yupo ambaye kwa mwenyewe ni ujira, yupo ambaye ni sitara, na yupo ambaye ni mzigo wa dhambi. Ukiitazama vizuri utaona kwamba hakugawa kwa rangi, wala kwa mama, wala kwa baba wa farasi. Aligawa kwa nia ya anayemfuga: aliyemfunga kwa ajili ya njia ya Allah, aliyemfuga ajitosheleze bila kusahau haki ya Allah, na aliyemfuga kwa majivuno. Masahaba wakauliza, je, punda? Akawajibu kwamba kuhusu punda hajateremshiwa jambo mahsusi, isipokuwa ile aya inayokusanya yote ya Suratu Zilzala, kwamba chembe ya kheri italipwa na chembe ya shari italipwa. Punda asiye na nasaba yoyote ya kujivunia, naye ana mlango wa thawabu kwa mwenyewe.

2. JE, UISLAMU UNAKATAA KURITHI? HAPANA

Wako vijana wanaokwenda upande wa pili kabisa, wanasema damu si kitu, yote ni malezi. Hilo nalo si sahihi.

Bedui mmoja wa Bani Fazara alimjia Mtume (s.a.w.) akiwa na wasiwasi moyoni: mkewe amezaa mtoto mweusi, naye hakuelewa rangi ile imetoka wapi. Mtume (s.a.w.) hakumkaripia. Alimuuliza kuhusu ngamia wake. Wana rangi gani? Wekundu. Hakuna wa rangi ya kijivu miongoni mwao? Wapo. Wametoka wapi? Bedui akasema, huenda ni mshipa wa asili umewavuta. Basi Mtume (s.a.w.) akamwambia, na mwanao huenda mshipa wa asili umemvuta. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim.

Hapo kuna elimu kubwa. Mosi, kurithi kupo, na kunaweza kuruka vizazi. Sifa ya babu wa mbali hujitokeza kwa mjukuu ambaye baba yake hakuwa nayo. Pili, Mtume (s.a.w.) aliitumia elimu hiyo ya mifugo KUIOKOA ndoa na kumlinda mtoto asikanwe. Mzee wetu kwenye kikao cha posa anaitumia elimu ile ile kuizuia ndoa. Elimu ni moja, matumizi yamepishana kama mashariki na magharibi.

3. WAARABU NA VITABU VYA NASABA ZA FARASI

Ni kweli kabisa kwamba Waarabu walihifadhi nasaba za farasi. Hisham ibn al-Kalbi wa Kufa, aliyefariki takriban mwaka 204 Hijria, yaani 819 Miladia, aliandika kitabu kikubwa cha nasaba za makabila ya Waarabu, na huyo huyo akaandika kitabu cha nasaba za farasi. Wanazuoni wa hadithi hawakumtegemea katika mapokezi ya dini, lakini kazi yake inatuonyesha watu wale walivyofikiri: ukoo wa mtu na ukoo wa farasi viliandikwa kwa kalamu moja.

Mabedui waliwaita farasi wao safi "asili", na wakawagawa katika koo zenye majina: Kuhaylan, Saqlawi, Abayyan, Hamdani, Hadban na nyinginezo. Utasikia watu wakisema kwamba koo hizi tano zimetokana na farasi majike watano wa Mtume (s.a.w.), walioachiwa wakimbilie maji wakiwa na kiu kali, kisha wakaitwa wakarudi kabla ya kunywa. Kisa hiki kinasambazwa sana kwenye simu. Ndugu yangu, hakimo katika Bukhari wala Muslim, na kumsingizia Mtume (s.a.w.) ni jambo zito. Usikisambaze.

Sasa zingatia jambo ambalo mzee wa posa hakulisema, huenda hakulijua. Ukoo wa farasi wa Kibedui ulihesabiwa kwa MAMA. Farasi wa Kuhaylan ni yule ambaye mama yake ni Kuhaylan, na mama wa mama yake, mpaka juu. Jike ndiye aliyethaminiwa kuliko dume, na jike ndiye aliyependwa kwa vita, kwani dume hulia anaponusa farasi wengine na kumfichua mpanda farasi usiku.

Na majike hao waliishi wapi? Kando ya hema la familia. Mtoto wa farasi alizaliwa katikati ya watoto wa watu, akizoea sauti zao, mikono yao na moshi wa jiko lao. Anayeuma au kurusha mateke ovyo, nani angekubali kumzalisha akiwa karibu na watoto wake? Kizazi baada ya kizazi, wakorofi wakakosa uzao na watulivu wakaendelea. Kwa hiyo utulivu wa farasi wa Kiarabu umetoka kwenye damu iliyochaguliwa na kwenye malezi ya hemani, vyote pamoja, muda mrefu mno, mpaka huwezi tena kuvitenganisha kwa jicho.

Waingereza nao walipenda mbio. Mwaka 1704 Thomas Darley alimpeleka Yorkshire dume la Kiarabu alilolinunua Halab, nchi ya Sham. Farasi wa mashindano wa leo duniani, walio wengi mno, ukifuata baba kwa baba unafika kwa dume hilo. Waingereza walichagua kasi, wakapata kasi. Lakini walipata pia farasi mwepesi kushtuka, mwenye moto, asiyemfaa mtu anayejifunza kupanda. Ukichagua kitu kimoja katika damu, mara nyingi kingine huja nacho bila kukiita.

4. MADINA: FARASI ALIYEDHARAULIWA

Turudi kwa Mtume (s.a.w.). Abdullah bin Umar (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliandaa mashindano ya farasi Madina. Waliofanyiwa mazoezi walikimbia kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, mwendo wa maili tano au sita. Wasiofanyiwa mazoezi walikimbia kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, takriban maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Mazoezi hayo yana jina, tadhmiir. Farasi hulishwa mpaka anenepe, kisha hupunguziwa chakula kidogo kidogo, hufunikwa nguo bandani atoe jasho, mpaka nyama inakaza na pumzi inakuwa ndefu. Basi tazama mstari ulipopita: mbio za wenye mafunzo na mbio za wasio na mafunzo. Hatukupokea kwamba palikuwa na mbio za wenye mama mashuhuri na mbio za wenye mama wasiojulikana.

Na kisa cha Mandub ndicho kinachokata maneno. Usiku mmoja watu wa Madina waliingiwa na hofu kwa kusikia kishindo. Mtume (s.a.w.) akamchukua farasi wa Abu Talha aliyeitwa Mandub, farasi anayejulikana kwa uzito wa mwendo, akampanda bila tandiko, akatangulia peke yake kwenda kuangalia. Watu walipotoka walimkuta tayari anarudi, anawatuliza kwamba hakuna la kuogopwa. Na kuhusu yule farasi mzito alisema kwamba amemkuta ni bahari, yaani mwendo wake hauishi. Anas (r.a.) anatueleza kwamba baada ya siku hiyo farasi yule hakupitwa tena.

Ndugu yangu, farasi ni yule yule. Damu ile ile, mama yule yule. Jana alikuwa mzito, leo bahari. Alichopata kati ya jana na leo ni mpandaji. Ni wangapi katika madrasa zetu tumewaandika "wazito" na hawajampata mpandaji?

Na usidhani upandaji huo ni wa fimbo. Bibi Aisha (r.a.) alipanda ngamia mkaidi, akawa anamvuta huku na huku, Mtume (s.a.w.) akamuusia upole. Hadithi hiyo iko kwa Muslim. Mkaidi kwa asili, na dawa aliyoagizwa ni upole.

5. FARASI WA SAYYID SAID, NA WATU WALIOPOTEZA MAJINA

Tukaribie nyumbani. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, alikuja na mapenzi ya farasi. Mwaka 1840 jahazi lake Sultana lilitoka Zanzibar mpaka New York chini ya Ahmad bin Na'aman, na miongoni mwa zawadi kwa Rais Martin Van Buren wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria yao haikumruhusu rais kujichukulia zawadi ya mtawala wa nje, hivyo farasi waliuzwa na fedha zikaingia hazina. Wamarekani nao walijua thamani ya damu ile.

Binti yake, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba la mfalme walivyofunzwa kupanda wangali wadogo, pamoja na wale punda weupe wa Maskati. Naam, hata mtoto wa sultani hakuzaliwa anajua kushika hatamu. Alifunzwa.

Sasa shika jambo hili. Farasi alihesabiwa kwa mama, lakini sultani alihesabiwa kwa baba peke yake. Mama yake Salme alikuwa Mcherkesi aliyeletwa akiwa suria. Mama yake Sayyid Barghash, aliyekuja kutawala Zanzibar, alikuwa Mhabeshi. Kama kanuni ya farasi ingetumika kwa watu, wafalme wale wasingeitwa Mabusaidi. Watu wanaotuletea hoja ya farasi hawaifuati mpaka mwisho. Wanachukua kipande kinachowafaa na kuacha kinachowaumiza.

Na katika kisiwa kile kile, miaka ile ile, farasi alipojulikana mama yake na bibi yake, watu walioletwa sokoni kutoka bara walipoteza majina ya baba zao. Walipewa majina mapya, makabila yao yakasahaulika, wajukuu wao wakaitwa hawana asili. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na huku Tanganyika mwaka 1922. Miaka mia imepita, na bado kuna mtu anakaa kwenye mkeka wa posa anamuuliza mjukuu wa aliyeibiwa jina, "Jina la ukoo wenu ni lipi?" Muogope Allah. Asiye na nasaba inayojulikana huenda ni kwa sababu mtu mwingine aliipora.

6. KWA NINI KILOMBERO HAKUNA FARASI

Mtoto wa Ifakara anaweza kukua mpaka akaoa bila kumwona farasi kwa macho. Sababu yake ni funzo kamili.

Bonde letu na mapori yake lilikuwa makao ya mbung'o, ambaye humtia mnyama ugonjwa wa nagana na binadamu ugonjwa wa malale. Ndiyo maana wazee wetu Wandamba walikuwa watu wa mtumbwi na samaki, na misafara ya bara ilibebwa na mabega ya wapagazi badala ya migongo ya wanyama. Maradhi ya bonde hili ndiyo yaliyowafanya hata Waswisi wa Basel, wakiongozwa na Profesa Rudolf Geigy aliyefika hapa mwaka 1949, wafungue maabara Ifakara mwaka 1957. Ndiyo mwanzo wa taasisi ya utafiti wa afya tunayoijua leo.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Alikuwa na farasi wawili, mmoja wao wa Kiarabu aliyepewa na Sayyid Barghash. Farasi wa zizi la sultani! Wote wawili walikufa kwa maradhi Kingaru, siku chache tu kutoka pwani, hata Morogoro hawajafika. Damu ya kifalme haikumtetea. Nasaba yake ilikuwa ya jangwa, na ardhi ile haikuwa yake.

Kisha wakaja Wajerumani wakawaza: punda milia anaishi na mbung'o na haangamii, kwa nini tusimfunze yeye? Mwanzoni mwa karne ya 20, pembeni mwa Kilimanjaro, walijaribu kuwakamata punda milia, kuwazoesha kuvuta, na kuwazalisha na farasi. Ukisafiri kwenda Morogoro ukapita hifadhi ya Mikumi, unawaona kando ya barabara, wanene, wazuri, wanafanana na farasi. Lakini jaribio lile halikufika popote. Punda milia huuma bila kuachia, hushtuka haraka, na hofu yake kwa binadamu na simba imo ndani ya damu yake. Nairobi miaka hiyo hiyo alikuwapo daktari wa Kigoa, Rosendo Ribeiro, aliyempanda punda milia akienda kuwaona wagonjwa. Kwa hiyo mmoja mmoja aliwezekana kwa subira kubwa. Jamii yao nzima haikuwezekana.

Hapa mzee wa posa anapata haki yake: damu ina mipaka ambayo fimbo na sukari haziivuki. Punda milia hawi farasi. Lakini asisahau kwamba tofauti hiyo ni ya mnyama wa jinsi moja na mnyama wa jinsi nyingine. Wanadamu wote ni jinsi MOJA, baba yetu Adam na mama yetu Hawa, kama anavyotukumbusha Allah katika Suratul-Hujuraat, aya ya 13, kwamba makabila ni kwa ajili ya kujuana, na mbora ni mchamungu zaidi. Ukimpa Mmbunga, Mpogoro, Mndamba na Msukuma ubaguzi wa farasi na punda milia, umefanya kipimo batili.

7. WATAALAMU WA LEO WANASEMAJE

Kiswahili chetu kina neno zuri, vinasaba. Ndani yake mna neno nasaba. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba farasi wafugwao wa leo wanatoka kwenye nyika za mito ya Volga na Don, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Katika vinasaba vyao waliona dalili za kuchaguliwa kwa mambo mawili: mgongo wenye nguvu, na utulivu wa hofu. Huko nyuma kabisa, binadamu alichagua tabia.

Mwaka 2005 watafiti wa Japani walichunguza farasi wa mbio wenye umri wa miaka miwili, wakaona kwamba tofauti ndogo katika kinasaba kimoja cha ubongo ilikwenda pamoja na tofauti ya udadisi na tahadhari. Basi tabia ina sehemu katika damu. Tumekiri.

Lakini mwaka huo huo wa 2005 watafiti wa Ufaransa walileta jambo la kushangaza. Waliwachukua farasi majike waliotoka kuzaa, wakawapiga brashi kwa upole dakika 15 kila siku, kwa siku tano za kwanza. Mtoto hakuguswa. Alikuwa pembeni anatazama tu jinsi mama yake anavyokaa na mtu. Watoto hao walikuja kuwa wepesi kumkubali binadamu na kukubali kuwekewa kitu mgongoni, na tofauti ilionekana hata walipofikisha mwaka mmoja.

Soma tena hapo, hasa wewe baba. Mtoto hakufunzwa. ALITAZAMA. Mtu wa nje angemwona farasi mtulivu, mama mtulivu, akasema, "Damu hiyo." Kumbe ni kile alichokiona siku tano za mwanzo wa maisha yake. Wahenga wetu walishasema mwana hutazama kisogo cha nina. Mengi tunayoyaita "amerithi ukali wa baba yake" ni mtoto aliyekaa pembeni akitazama mama akipigwa.

Na wakulima wa Kilombero hawahitaji farasi kuelewa hili. Mbegu ya SARO 5 ilitoka hapa hapa Ifakara, kituo cha KATRIN. Ni mbegu bora, hakuna ubishi. Lakini imwage ovyo, chelewa kupalilia, kosa maji, uone kama jina la mbegu litakujazia magunia. Na jirani yako mwenye mbegu ya kawaida, aliyepanda kwa mstari na kupalilia kwa wakati, atakupita.

8. BASI POSA TUIPIMEJE?

Kwanza, uliza dini na tabia za MTU MWENYEWE. Mtume (s.a.w.) amebainisha kwamba mwanamke huolewa kwa mali, ukoo, uzuri na dini, na akausia kuchagua dini. Ukoo ameutaja, hakuukana. Ameuweka mahali pake.

Fatima bint Qais (r.a.), mwanamke wa Kikureshi, aliposwa na wanaume wa Kikureshi. Mtume (s.a.w.) alimshauri aolewe na Usama bin Zaid, kijana ambaye baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Moyo wake ulisita mwanzoni, kisha akakubali, na mwenyewe ametusimulia kwamba Allah alimtilia kheri ndani yake. Kwa Muslim hiyo.

Pili, usimhukumu mtoto kwa baba. Nabii Nuhu (a.s.) alikuwa na mwana aliyezama na makafiri, na hakuna damu bora kuliko ya nabii. Abu Jahl, adui mkubwa, alikuwa na mwana aitwaye Ikrima, akasilimu, akafa shahidi katika vita vya Sham. Kama Waislamu wa Makka wangemwambia Ikrima "damu ya baba yako tunaijua", umma ungempoteza mpiganaji wake. Na ametufundisha Mtume (s.a.w.) kwamba aliyecheleweshwa na matendo yake, hatakimbizwa na nasaba yake. Nasaba haikimbii kwa niaba ya mtu.

Tatu, kuuliza malezi ni haki yako. Kijana aliyekulia katika nyumba ya ugomvi, muulize amejifunza nini, anazuia vipi hasira, nani alimlea baada ya hapo. Hilo ni swali la mwenye busara. "Ukoo wenu hatuutaki" si swali, ni hukumu.

Nne, kama kweli unajali DAMU, basi jali ile ambayo vipimo vinaiona. Bonde letu ni la malaria, na katika nchi za malaria watu wengi hubeba kinasaba cha selimundu bila kuumwa. Wakioana wawili wote wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa mtoto mgonjwa. Mzee anachimba ukoo wa kijana vizazi vitatu nyuma, lakini hamwambii yeye na binti waende hospitali kupima kabla ya nikahi. Kipimo hicho hakimvunjii mtu heshima. Kinawapa wawili elimu ya kuamua wakiwa macho wazi.

Tano, na hili ni kwa walimu wenzangu wa madrasa na kwa wazazi. Neno "damu mbaya" lisitoke mdomoni mwako mbele ya mtoto. Yatima, mtoto wa nje ya ndoa, mtoto wa mlevi, mtoto aliyekuja na mama kwenye ndoa ya pili: hao hawakuchagua mama wala baba, kama Mandub hakuchagua zizi. Mtoto akiambiwa kila siku kwamba ukorofi umo katika damu yake, ataacha kujaribu. Wewe ndiye uliyempanda. Ukimpanda kwa dharau atabaki mzito, nawe Siku ya Kiyama utaulizwa juu ya amana uliyopewa. Nasaba yake hutaulizwa.

Wazee wangu wa posa, nawaheshimu na najua mnaogopa kumtupa binti. Hofu hiyo ni ya mapenzi. Lakini binti analindwa kwa kuulizia swala ya kijana, mdomo wake, mkono wake na riziki yake ya halali. Waarabu mnaowatolea mfano walimtazama mama wa farasi, kisha walimweka mtoto wake kando ya hema, wakamlisha, wakamfunza, wakampima mbioni. Hakuna aliyeshinda mbio kwa kusoma majina ya bibi zake.

Ee Allah, tujaalie wake na watoto wenye kutuliza macho, uwatengeneze walio katika malezi yetu, utuondolee kiburi cha koo na majina, na uwarehemu walionyang'anywa majina yao duniani, uwaite kwa majina mazuri Akhera. Aamin.

Ukiona post hii ina faida, mfikishie mzee mmoja na mwalimu mmoja wa madrasa. Wabillahi tawfiiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.